Mgongo wa Samaki, Tumbo la Senene

Jioni za Novemba hapa Kampala, pale barabara ya Kisugu inapoanza kuteremka kuelekea Namuwongo, kuna mama anayekaanga ngege, samaki ambaye kwetu Mwanza tunamwita sato. Msimu wa senene ukiingia, kando ya karai lake la samaki huwa kuna beseni la wadudu wa kijani, na binti yake hukaa juu ya kigoda akiwanyonyoa mabawa na miguu.

Siku moja nilisimama pale muda mrefu kuliko njaa ilivyodai. Mama alikuwa anapasua tumbo la samaki. Moyo ulikuwa chini, nyuma kidogo ya mashavu. Uzi wa neva hauonekani kwa kisu hicho, kwa kuwa umefichwa juu, ndani ya uti wa mgongo. Nikamtazama senene mikononi mwa binti. Yeye amepangwa kinyume: moyo wake, ambao ni mrija tu, umelala mgongoni, na uzi wa neva unapita tumboni. Mlaze senene chali, na kwa mpangilio huo amekuwa samaki.

Aliyelichukua jambo hili kwa uzito mapema ni Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, huko Paris mwaka 1822, alipomgeuza kambakoche na kudai kwamba wadudu na jamaa zao ni sisi tuliopinduliwa. Mwaka 1830 Georges Cuvier alipambana naye hadharani juu ya wazo lake kwamba wanyama wote wamejengwa kwa ramani moja, na wengi waliona Cuvier ameshinda. Hoja ya mgongo na tumbo ikabaki kama kichekesho cha wasomi kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Katika miaka ya 1990 kichekesho kikageuka. Kiinitete cha samaki, kama cha chura, hutengeneza upande wa mgongoni protini iitwayo chordin. Nzi wa matunda ana jamaa yake, sog, lakini yeye huitengeneza upande wa tumboni. Zote mbili zina tabia moja: huikamata protini nyingine na kuizuia isizifikie seli. Seli zinazokingwa hivyo ndizo zinazopata nafasi ya kuwa neva. Kwa maneno mengine, chordin haijengi neva. Inachofanya ni kumzuia mzuiaji, kama jirani anayekaa mlangoni kwako ili mdai asibishe hodi. Mwaka 1995 watafiti walichukua ujumbe wa sog kutoka kwa nzi, wakauweka upande wa tumbo wa kiinitete cha chura. Chura akauelewa, na hapo pa tumbo akaanza kutengeneza mgongo.

Vitabu husema basi kwamba kazi ya jeni inayotengeneza protini hii imehifadhiwa tangu babu wa pamoja wa samaki na wadudu, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mimi neno linalonikwama kooni ni hilo “kazi”. Kazi ipi? Ukisema kazi yake ni kutengeneza mgongo, basi haikuhifadhiwa, maana kwa nzi inafanyika tumboni. Ukisema ni kulinda mahali pa neva, imehifadhiwa vizuri kabisa. Jeni ni zile zile na wanyama ni wale wale. Kilichobadilika ni sentensi yetu.

Mtu wa haraka angehitimisha kwamba ufanano basi uko vinywani mwetu tu. Hapana. Sentensi tunaichagua sisi, lakini kiinitete cha chura hakisomi majarida yetu. Kingeweza kukaa kimya, na kisingemwonea haya mtafiti yeyote.

Jaribio maarufu zaidi la aina hii lilitoka Basel, Uswisi, mwaka huo huo wa 1995, katika maabara ya Walter Gehring. Jeni ya panya inayoitwa Pax6, ambayo panya akiikosa hazaliwi na macho, iliamshwa kwenye mwili wa nzi mahali pasipo pake, hata mguuni. Palipoamshwa jicho likaota. Nalo lilikuwa jicho la nzi, lenye vijicho vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki, wala si la panya.

Hapa Kampala majirani zangu wengi wanakijua Kiswahili kwa upande wa amri. Walikisikia kwa askari, na wazee hawajasahau askari wenyewe: simama, toka, kaa chini. Neno “simama” halibebi ndani yake namna ya kusimama. Mwenye bodaboda hutua mguu, mtoto hukauka katikati ya mbio. Pax6 ilileta mguuni mwa nzi wito, na ujuzi wa kujenga jicho ulikuwa wa nzi. Ndiyo maana naona kwamba kazi ya jeni, kwa sehemu kubwa, iko kwa msikilizaji. Jeni hiyo hiyo kwa panya hutumika pia kwenye kongosho, ambako hakuna cha kuona.

Halafu swali la kwa nini mambo haya yadumu. Jibu la kawaida ni kwamba yamedumu kwa ubora wake. Siliamini sana. Chini ya Kisugu, kule Namuwongo, inapita reli ya upana wa mita moja, upana ule ule ulioanza kulazwa Mombasa mwaka 1896. Haikubaki mita moja kwa sababu mita ni kipimo kitakatifu. Imebaki kwa sababu mabehewa, madaraja na stesheni zote zimeizoea, na anayetaka kuipanua kidogo tu ataangusha garimoshi. Kenya ilipotaka reli pana zaidi, ilijenga nyingine, SGR, iliyofika Nairobi mwaka 2017. Ile ya zamani haikuipanua.

Samaki walifanya kitu kama hicho. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, babu wa wengi wao, ngege akiwemo, alipata nakala mbili za jeni zake zote. Nzi ana kundi moja tu la jeni za Hox, zile zinazoambia kila sehemu ya mwili ni sehemu gani, tena kundi lenyewe limekatika vipande viwili. Samaki pundamilia wa maabara ana makundi saba. Nakala moja ikishika zamu ya zamani, nyingine hupata nafasi ya kutangatanga. Wakati mwingine hugawana zamu hiyo.

Jioni ile nilimuuliza mama kama huwa anauza mamba pia, maana nilikuwa nimemsikia akilitaja jina hilo kwa mteja. Nilishangaa, mamba wa Mswahili ni yule mwenye meno mtoni. Akacheka mpaka mwiko ukadondoka. Mmamba wa Waganda ni kamongo, samaki wa matopeni.

“Siwezi kumuuza, ssebo. Huyo ndiye ukoo wangu, simgusi.”

“Na binti, Mama? Naye ni Mmamba?”

“Mtoto ni wa baba yake. Baba yake ni wa ukoo wa Nsenene.”

Binti aliendelea kunyonyoa mabawa. Nilimpimia kwa macho kikombe kimoja, nikamuuliza kama mwaka huu senene ni watamu. Akasema wateja ndio wanaojua.