Kalamu Isiyohimizwa

Magharibi ya kisiwa kikuu cha Mafia, kuelekea pale ambapo mto Rufiji wamwaga maji yake baharini, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Bwejuu. Wasomaji wetu wasikichanganye na kijiji cha Bwejuu kilichoko Unguja. Watu wa huko ni wavuvi, nao, kama wavuvi wote wa pwani yetu, hawapangiwi kazi na kengele bali na bahari. Likija bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Kisha huja maji mafu, na mwenye kutegemea mwendo wa maji hukaa nchi kavu akingoja. Mgeni wa mjini akimkuta ameketi kivulini atasema kwamba huyu ni mvivu. Walakini akimkaribia ataona kwamba mikono yake haikuketi. Anashona wavu uliopasuka, au anakalafati chombo chake.

Twakitaja kisiwa hiki kwa sababu neno tutakalo kulizungumza leo ni neno la wakati. Je, yafaa mtu mwenye jamaa, mwenye shamba na pengine mwenye deni, aketi jioni akiandika kitu ambacho hakuagizwa na mtu, kisicho na siku ya kukabidhiwa wala ujira? Au huo ni upotevu wa saa ambazo Mwenyezi Mungu atatudai hesabu yake?

Sisi wa gazeti la kila juma hatuwezi kuidharau siku iliyowekwa. Habari isiyofika mitamboni kwa wakati wake haisomwi, na fundi wa kupiga chapa hangojei mwandishi apate maono. Siku iliyowekwa ni namna ya mapendo kwa jirani: msomaji ameahidiwa gazeti, yampasa alipate. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuhimizwa ni kubaya. Twasema tu kwamba yapo maandiko ambayo hayazaliwi kwa kuhimizwa, na kwamba watu wengi siku hizi hawajapata kamwe kuonja furaha yake.

Tazameni watoto wetu. Mtoto huanza kuandika insha shuleni, naye huandika ili apewe alama. Akimaliza mitihani huitupa kalamu, asiishike tena ila kwa kujaza fomu na kuomba kazi. Miaka yote hiyo amefundishwa kwamba kuandika ni kodi, nayo hulipwa kabla ya tarehe fulani. Na sasa zimekuja mashine zenye kutunga insha nzima kwa dakika moja. Kama shabaha ya kuandika ni kukabidhi karatasi kwa siku iliyotajwa, basi mashine yatosha, wala hatuoni kwa nini kijana ajichoshe. Lakini hakuna awezaye kuituma mashine ikafurahi kwa niaba yake, kama vile hakuna awezaye kumtuma mwenziwe akasali kwa niaba yake huku yeye mwenyewe amelala.

Katika nchi yetu tunao mfano mkubwa, nao ni wa mkristo mwenzetu, mtu wa kisiwani pia, ingawa kisiwa chake ki katika ziwa. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Alisoma katika seminari ya Rubya, akarudi kwao, akaoa, akakaa Kagunguli penye misioni. Padre Almas Simard, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alimtia moyo aandike mambo ya kale ya Wakerewe kabla hayajasahauliwa. Naye aliandika. Hakuandika orodha ya mila kama karani aandikavyo mali ya marehemu. Alitunga hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, ambao hawajapata mtoto. Aliimaliza mwaka 1945, kwa lugha ya Kikerewe.

Asomaye kitabu hicho ataona mara moja kwamba mwandishi hakuwa na mtu wa kumkimbiza. Wakwe wa Myombekere wamemchukua binti yao, na ili arudishiwe mkewe yampasa mume atoe faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye haraka angesema kwa sentensi moja kwamba pombe ilipikwa, ikapelekwa, mke akarudi. Kitereza hasemi hivyo. Atupeleka migombani, atuonyesha kazi yote hatua kwa hatua, na ni nani amsaidiaye nani. Watu wakikutana njiani husalimiana kwa ukamilifu, na salamu zote zimeandikwa. Mwanzoni msomaji wa leo huchoka kidogo, twakiri. Kisha polepole yeye mwenyewe hutulia, akaanza kutembea kwa mwendo wa Wakerewe wenyewe, na hapo ndipo aelewapo kwamba subira ya Myombekere kwa mkewe na subira ya mwandishi kwa maneno yake ni kitu kimoja.

Tena Kitereza na mkewe nao hawakuachiwa watoto wa kuwatunza uzeeni. Mtu wa namna hiyo akiandika juu ya nyumba isiyo na kilio cha mtoto, nani angethubutu kumwambia alete kazi yake mwisho wa mwezi?

Hapana mchapaji aliyekuwa tayari kukitoa kitabu cha lugha yenye wasomaji wachache. Miaka ikapita. Baadaye mzee, kwa mkono wake mwenyewe, alikifasiri chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumalizika kwake, naye Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kuvipokea vitabu vyake vilivyochapwa.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Wako watakaosema: "Mnaona basi! Mwandishi wa kweli haihitaji wachapaji. Aache aandike kwa furaha yake." Hilo ni neno la ukatili. Furaha ya mwandishi si udhuru wa wale wenye kumcheleweshea haki yake. Mzee aliyengoja miaka 35 alidhulumiwa kitu, hata kama hatuwezi kumtaja mtu mmoja aliyemdhulumu. Kuandika bila siku ya mwisho ni uhuru unapochaguliwa na mwenye kalamu. Mswada unapokaa sandukuni kwa kukosa mchapaji, huo si uhuru wake hata kidogo.

Wengine watatukumbusha mfano wa talanta katika Injili, na yule mtumwa aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini. Je, mswada uliowekwa si fedha iliyofukiwa? Twajibu kwamba mtumwa yule hakulaumiwa kwa sababu ya kuchelewa. Alilaumiwa kwa sababu aliogopa, na kwa hofu yake hakufanya kitu. Kitereza hakukaa vile. Kufasiri mamia ya kurasa katika uzee, bila ahadi kwamba zitasomwa, ni kazi ya mtu anayeamini. Ni kama yule mvuvi wa maji mafu: bahari haijamwita, lakini wavu u tayari.

Shaaban Robert naye, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mchana kalamu yake ilikuwa ya ofisi. Vitabu vyake vya Kufikirika na Utubora Mkulima vilitoka baada ya kifo chake, na katika hicho cha pili alimchora mtu aliyeuacha ukarani akaenda kulima. Hatudhani kwamba wazo hilo lilimjia kwa bahati tu.

Basi turudi kwenye swali la saa na hesabu yake. Mungu aliumba kwa siku sita, naye akautazama kila mara ulimwengu wake akauona kuwa ni mwema. Kutazama kule hakukuongeza kitu katika viumbe, lakini Maandiko hayakukuacha. Twaona kwamba mtu aandikaye bila kuagizwa hushiriki kidogo kutazama huko. Mradi asiwanyime watoto chakula wala mkewe msaada kwa kisingizio cha ushairi (na watunzi wa namna hiyo twawajua), saa yake si ya kuonewa haya.

Na kazi ipo. Huko Bwejuu, na katika visiwa vyote vya Mafia, wako wazee wenye kujua majina ya pepo na ya samaki, na hadithi za vyombo vilivyozama na vilivyookoka. Kitabu kama cha Kitereza juu ya watu hao hatujakiona. Mwalimu aliyepangiwa kisiwani angeweza kukianza, au binti wa mvuvi amalizaye shule mwaka huu. Mzazi na amnunulie daftari nene, wala asimuulize kila jioni amefika ukurasa wa ngapi.