Bendera, Mkristo na Mgeni Aliyevuka Mpaka

Ipende nchi yako, ndugu yangu, wala usimtake mtu radhi kwa kuipenda. Saa kumi na mbili jioni, filimbi inapolia kituo cha polisi na bendera ikaanza kushushwa, simama. Mama mwenye beseni la dagaa kichwani anasimama, mzee anashuka kwenye baiskeli. Nawe zima pikipiki, vua kofia, utulie mpaka askari amalize kuikunja. Kijani ni ardhi na mimea yake, dhahabu ni madini, bluu ni maji, nyeusi ni watu. Tangu mwaka 1964 rangi hizo zinatukusanya Bara na Visiwani, na kuzipita huku unachezea simu ni utovu wa adabu.

Lakini angalia unakokwenda ukitoka hapo. Wako wanaosimama wima mbele ya mlingoti, kisha wakifika kijiweni wanamwita jirani yao "mkimbizi" kama tusi. Huku kwetu Kigoma hata watoto wa shule wakigombana hurushiana: "Mrundi wewe!" Mtoto hakuzaliwa na neno hilo. Amelisikia nyumbani, pengine kwa baba ambaye Jumapili husoma somo la kwanza kanisani. Kemea tusi hilo linapotamkwa mbele yako, hata kama aliyelitamka ni mkubwa kwako. Tafuta lugha ya heshima, lakini usinyamaze.

Nakusihi pia ujue unachojivunia. Wimbo wa taifa unaouimba umeshika mkono kifuani ulikuja na muziki wake kutoka Afrika Kusini. Aliyeutunga ni Enoch Sontonga, mwalimu aliyefundisha kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mwaka 1897. Ni sala, na inaliombea bara zima kwanza ndipo iifikie Tanzania. Anayeuimba akiwa Mkristo ajue kwamba Mrundi, Mkongo na Mhabeshi wamo ndani ya maombi yake, apende asipende.

Na historia yetu ni ya kupokea watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopitia mateso ya Urusi, waliletwa Tengeru karibu na Arusha. Walijenga kanisa lao kwenye ardhi ya Wameru, na makaburi yao yangalipo. Mwaka 1972 Warundi walipokimbia mauaji, walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, palikuwa pori, wakapafanya mashamba. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda kiasi cha robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, wilaya ambayo haikuwa na chakula cha kuwatosha hao wala maji. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mtu wa misa ya kila siku, alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi hii ilivyowatendea wakimbizi. Baadaye wale wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya 160,000, walikubaliwa kuwa raia, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Taja mataifa mangapi tajiri yamewahi kufanya hivyo kwa mkupuo. Ukitaka kujivunia Tanzania, jivunie hilo kwanza.

Wala usidhani ukimbizi ni maradhi ya wengine. Januari 2001, baada ya watu kupigwa risasi Zanzibar, zaidi ya Wapemba 2,000 walipanda mashua usiku wakatua Shimoni, pwani ya Kenya. Walikuwa Watanzania hao, na bendera yao ni hii yetu. Wakenya waliwapa hifadhi.

Kuhusu Maandiko sitakuchosha, kwa kuwa unayajua. Bwana wetu alibebwa usiku kuvushwa mpaka wa Misri akiwa mtoto mchanga, na Mathayo hasemi kwamba Yusufu aliulizwa kibali. Ruthu alikuwa Mmoabi aliyeokota masazo katika shamba la mtu, naye ndiye aliyemzaa babu yake Daudi. Mambo ya Walawi sura ya 19 inaagiza mgeni apendwe kama mzalendo, na sababu inayotolewa ni kwamba ninyi nanyi mlikuwa wageni Misri. Nimesikia mahubiri mengi juu ya zaka. Juu ya sura hiyo nimesikia machache mno, tena katika mikoa yenye kambi. Mapadre na wachungaji wangu, hili ni deni lenu. Kanisa lilikwisha kuonyesha njia: shirika la Wakristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lilianza mwaka 1964, nchi yenyewe ikiwa changa.

Najua utaniuliza habari za usalama. Ni swali la haki. Mikoa ya magharibi imewahi kutekwa mabasi na majambazi wenye bunduki za vita, na waliofiwa wapo. Serikali ina haki ya kulinda mpaka, na raia ana wajibu wa kutoa taarifa. Basi mtaje mtu kwa alilolitenda. Ukiona silaha, sema. Ukiona wizi, sema. Usimtaje kwa lafudhi. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wasemaji wake huelewana bila mkalimani, na hadi Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili za mpaka huu zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Waha wa asili, waliozikwa babu zao Kasulu na Kibondo, wamekuwa wakiulizwa uraia wao kwa matamshi tu. Anayechochea mchezo huo atashtukia zamu imemfikia mama yake.

Na ukikutana na mgeni porini, mpe maji kabla ya kumpigia mtu simu. Juni 2012 maiti za vijana wa Kihabeshi zaidi ya 40 zilikutwa zimetupwa vichakani mkoani Dodoma. Walikuwa wakielekea kusini, wamefungiwa ndani ya lori, wakakosa hewa. Wanakijiji ndio waliowakuta, pamoja na wenzao waliokuwa hai bado. Mtu wa namna hiyo akitokea uwanjani kwako, midomo imekauka, hajui neno la Kiswahili, ofisa uhamiaji anaweza kungoja robo saa.

Limebaki moja, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Msimu wa palizi, wapo wenye mashamba wanaowachukua vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka, wanakubaliana bei kwa ekari, wanawalaza kwenye kibanda cha mbolea, wanawapa ugali na maharage. Kazi ikiisha, ujira ukadaiwa, mwenye shamba anapiga simu kwa wakubwa: kwangu kuna wahamiaji haramu. Kibarua anaondoka kwenye karandinga na jembe linabaki. Wengine wenye tabia hii wana viti vya mbele kanisani, na sikukuu ya Uhuru hutundika bendera dukani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inasema wazi kibarua maskini apewe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijachwa, awe ndugu yako au mgeni aliye katika nchi yako. Kama uhamiaji wake ulikuwa kosa, ulikuwa kosa tangu siku uliyomkabidhi jembe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kuna Mrundi anayekudai fedha ya palizi, mlipe yote, mkononi, leo. Kama amekwisha kurudishwa kwao, mtafute ndugu yake upande huu umkabidhi mbele ya shahidi, na usipande kwenda kukomunika kabla hujafanya hivyo.