Sitara ya Usiku

Ndugu msomaji, yapo maswali ambayo hatuyaulizi barazani kwa sababu yananuka. Leo nataka kuuliza moja, na ninakuomba usiufunue ukurasa haraka. Mwanamume mzima, baba wa watu, babu wa watu, akianza kukojoa kitandani, aibu ni ya nani? Ni yake yeye aliyelowa, au ni yetu sisi tunaojua na kunyamaza?

Mtoto akilowesha godoro tunamwita kikojozi. Tunamcheka, tunamwanikia godoro lake juani, mtaa mzima unajua, na maisha yanaendelea, maana tunaamini atakua na ataacha. Kwa mzee hatuna neno. Tunasema tu, "Siku hizi mzee hajiwezi," kisha tunabadilisha mazungumzo. Na jambo lisilo na jina halijadiliwi. Lisipojadiliwa, wenye nguvu nyumbani huliamua peke yao, kimyakimya, na mwenyewe huletewa uamuzi umeshapikwa na kupakuliwa.

Nitatoa mfano ninaoujua. Nyumbani kwetu Magomeni tunaishi na babu yangu mzaa baba. Ujana wake wote alikuwa fundi wa majahazi huko Pangani. Ni mtu wa kulala ubavu wa kulia. Alifundishwa chuoni, akiwa mdogo, kwamba kulala hivyo ni sunna, na mwili wake umeshazoea, huwezi kumwambia kitu. Ukimlaza chali anakasirika. "Chali nitalala siku ya kuoshwa," anasema.

Mwaka 2022 kitanda chake kikaanza kulowa. Jamani, kila mtu akawa daktari. Baba mdogo akasema mzee asipewe maji baada ya alasiri. Shangazi akaenda dukani akarudi na pampasi za watu wazima, zile za kuvaa kama chupi. Kaka yangu akashauri tumwekee mito pande zote mbili, alale chali, atake asitake. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akasema tandikeni mpira, mumhamishie chumba cha uani, mambo yaishe.

Sasa hebu tutazame. Wote hawa walitaka kinga, na kinga ni jambo zuri. Lakini kinga ya nini? Mpira unalilinda godoro. Mito inailinda pampasi. Kiu inawalinda wanaofua mashuka. Chumba cha uani kinazilinda pua zetu. Ukihesabu vizuri utaona kila kitu mle ndani kilipata mlinzi isipokuwa mzee mwenyewe. Na sisi wote, kwa dhati ya moyo, tuliliita jambo hilo huduma.

Tuiache falsafa kidogo, tuuzungumzie mkojo wenyewe. Najua si mada ya mashairi, lakini mwandishi anayeogopa mkojo ataandika nusu ya binadamu.

Mkojo ni maji, na maji hufuata mteremko. Mtu anayelala kwa ubavu wa kulia, mkojo wake huteremkia kwenye nyonga ya kulia, ukafika pembeni ya paja na karibu na kiuno. Pampasi nyingi zimetiwa sehemu kubwa ya unyonyaji wake katikati, baina ya miguu. Ndani yake mna nyuzi laini zinazotokana na mti, zimechanganywa na punje za kemikali iitwayo sodiamu poliakrileti, ambazo hunywa mkojo na kuugeuza kuwa kitu kama ute mzito. Kazi hiyo inataka muda kidogo. Mkojo wa mtu aliyelala mara nyingi hutoka mwingi kwa mpigo mmoja, na kama pembeni hakuna punje za kutosha, unapita zake hadi kwenye shuka huku katikati ya pampasi kungali kukavu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Asubuhi shuka liko chepechepe upande mmoja, pampasi ukiishika katikati ni kavu. Shangazi akasema zimechakachuliwa. Baba mdogo akasema mzee anajigeuzageuza. Lakini mzee alikuwa amelala vilevile kama alivyolala miaka sabini na ushee. Tatizo lilikuwa kwamba kifaa kilichaguliwa bila kujua anayekivaa analalaje.

Na kiasi chenyewe si mchezo. Mtu mzima hutoa kama lita 1 hadi 2 za mkojo kwa siku. Ujanani sehemu kubwa hutoka mchana. Uzeeni ile homoni inayopunguza mkojo wa usiku hulegea, na maji yaliyojikusanya miguuni kutwa nzima hurudi kwenye damu mtu anapojinyoosha kitandani. Theluthi ya lita 1.5 ni nusu lita, yaani chupa nzima ya soda, na kwa wazee wengi usiku hutoa theluthi hiyo au zaidi. Sasa, pakiti nyingine zimeandikwa kiasi gani zinabeba. Kipimo kinachotumika sana, ISO 11948-1 cha mwaka 1996, hufanywa maabara: pampasi inaloweshwa mpaka ishibe, inaachwa ichuruzike, kisha inapimwa uzito. Pale hakuna mwili unaoikandamiza, wala hakuna mtu aliyelala ubavu. Kwa hiyo namba ya pakiti ni ahadi ya maabara. Kitandani utapata pungufu.

Kwa mwanamume alalaye ubavu, basi, mambo ya kutazama ni haya. Unyonyaji ufike mbele, pembeni na juu kuelekea kiunoni. Ndani ya mapaja kuwe na zile kingo za lastiki zinazosimama kuzuia mkojo usitambae. Za kufunga ubavuni kwa gundi hurekebishika mwilini vizuri kuliko za kuvuta, na usiku zinabadilishwa bila kumvua mtu nguo zote. Zipimwe kwa sentimita, kiuno na nyonga, kwa kuwa kubwa kupita kiasi huacha mwanya. Uume uelekezwe chini kabla ya kufunga, la sivyo mkojo utapanda kiunoni. Kuvaa mbili kwa pamoja ni kupoteza fedha, maana ya ndani ina plastiki mgongoni na haipitishi kitu kwenda ya pili. Ila inaongeza joto na kuichubua ngozi. Chini yake patandikwe kitambaa cha kunyonya, na ngozi ya nyonga ikaguliwe kila asubuhi, maana hapo ndipo uzito wa mlalaji wa ubavu unapoegemea na ndipo kidonda huanzia. Kuhusu maji, chai na kahawa za usiku zipunguzwe, sawa, lakini kumnyima mzee maji ni kumkausha, na mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi.

Nimeyasema haya kwa makusudi. Tazama ni mangapi kati yake yanaweza kujulikana bila kumuuliza mwenyewe. Analalia ubavu gani? Analowa mwanzo wa usiku au alfajiri? Anasikia mkojo unapokuja, au anashtukia baridi? Ataweza kujifungua peke yake akitaka kwenda msalani? Hapo ndipo maadili yanapokutana na pampasi. Huwezi kuchagua vizuri bila kuuliza, na sisi tumelelewa kwamba kuuliza ni kukosa adabu.

Baba mdogo alilisema hilo waziwazi: "Msimuulize mzee, mtamwaibisha. Heshima ni kujifanya hujaona." Sitaki kumdharau. Katika nyumba zetu za vyumba viwili vitatu, watu wanane pamoja, kutoona ndiko kunakomfanya baba abaki baba. Bila macho yanayojua kutazama pembeni tungekuwa tumeshavuana nguo zamani. Isitoshe, sitara ni neno zito. Anayemsitiri mwenzake amefanya jambo kubwa.

Ila mimi naona tunachanganya sitara na kificho. Sitara inamfunika mtu asionwe na wengine. Kificho kinalifunika jambo lisisemwe hata na mwenyewe. Katika sitara mtu anajua kwamba unajua, na anakuamini. Katika kificho kila mmoja anajifanya, na mzee analala peke yake na ubichi wake, akiwaza kama wamejua au hawajajua. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Tunaisifu siri ya mwosha, na tunastahili kuisifu. Lakini hebu jiulize: kwa nini tuko tayari kumwosha baba akishakufa, kwa mikono yetu, kwa upole wote, tukaona ni thawabu, halafu akiwa hai tushindwe hata kumuuliza analowa upande gani?

Basi nani aulize? Hapa utamaduni wetu una akili kuliko sisi. Mtoto hawezi kumtamkia baba yake maneno hayo, ni kweli. Mjukuu anaweza. Mimi na babu ni watani, tumegombea mke mmoja, marehemu bibi, tangu nikiwa na miaka minne. Utani ni mlango ambao wazee waliuacha wazi makusudi kwa ajili ya maneno yasiyopita mlango mkubwa. Jioni moja nilimuuliza, "Mzee, jahazi lako siku hizi linavuja wapi, tezi au omo?"

Alinitazama. Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Linavuja ubavuni," akasema, "na si leo." Akaongeza, kwa sauti ya fundi: "Ninyi mnatia kalafati bila kulikausha jahazi. Ufa mmeuona?"

Ndipo akaeleza. Mchana mkojo unamtoka kwa kudondoka, anasimama chooni muda mrefu, akitoka anahisi bado umo. Tumbo la chini limekaza. Usiku unafurika wenyewe. Mambo yote hayo alikuwa nayo mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza.

Msomaji, hili ulishike hata kama utasahau mengine yote. Mwanamume aliyekuwa mkavu maisha yake yote, akianza kulowa kitandani uzeeni, huenda kibofu chake hakimwagiki. Tezi dume limevimba na kuibana njia, kibofu kinajaa na kukaa kimejaa, na mtu akisinzia kinafurika. Mara nyingi hakuna maumivu. Wakati huohuo mkandamizo unarudi nyuma hadi kwenye figo na kuziharibu taratibu. Mtu wa namna hiyo ukimvalisha pampasi nzuri kuliko zote, isiyovuja tone, utakuwa umekausha shuka na kuziacha figo zinakufa. Kinga iliyokamilika ingekuwa kaburi lililokamilika.

Hospitali walimpiga picha ya ultrasaundi, wakakuta kibofu kimejaa, wakamwekea mpira wa mkojo, na baadaye akafanyiwa upasuaji. Daktari alipotamka "tezi dume" babu akanigeukia: "Umesikia? Ni tezi. Omo liko salama." Siku hizi anakwenda msalani kama watu. Lakini usiku mmojammoja bado analowa, kwa hiyo pampasi hazijaisha nyumbani. Tofauti ni kwamba anazichagua yeye. Amekataa za kuvuta. Ametaka za gundi kwa sababu vidole vya fundi bado vina nguvu. Na kwa kuwa moja kila usiku ni 30 kwa mwezi, na fedha haiokotwi, amejibunia yake ya kitambaa kwa usiku wa kawaida: khanga kuukuu ya bibi, imekunjwa mara nyingi upande wa kulia na mara chache upande wa kushoto. Sijaona bidhaa dukani iliyomfikiria mlalaji wa ubavu kama khanga ile.

Jambo moja zaidi nililijua siku ile ya utani. Kilichomuumiza babu zaidi ya shuka ni sala. Alikuwa ameacha kwenda msikitini, tukadhani ni miguu. Aliogopa najisi. Hukumu yenyewe aliijua tangu chuoni: kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, mtu ambaye mkojo haumkatiki hujisafisha, akajifunga, akatawadha baada ya wakati kuingia kwa kila sala ya faradhi, kisha akasali. Yaani wanazuoni wa karne nyingi zilizopita waliizungumza pampasi bila haya, wakaiwekea hukumu, ili mtu huyu asikose safu yake. Babu alijua sheria. Alichokosa ni kitu cha kujifungia na mtu wa kumwambia. Waliandika vitabuni. Sisi tunaona haya hata kunong'ona.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kulowa si aibu ya mtu, kama kukohoa kusivyokuwa aibu. Aibu huanza pale wengine wanapoamua juu ya mwili wake kana kwamba hayumo ndani yake. Kumgeuza mtu chali ili atoshe kwenye kifaa ni kumtumikia kifaa. Kutafuta kifaa kinachoukubali ubavu wake ni kumtumikia mtu. Mengine yote, lita na sentimita na gundi, yanafuata hapo.

Mficha uchi hazai, walisema. Nami naongeza kwamba mficha uchi wa mzee wake hamzeeshi vizuri. Wewe unayesoma hapa, kijana wa mjini mwenye vocha ya wiki mfukoni, baba yako analalia ubavu gani? Kama hujui, mtafute mjukuu mtani, au shemeji mwenye ulimi mwepesi, au uende mwenyewe. Uulize kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Hiyo ndiyo sitara.