Bunduki ya Kuwindia Ayala: Upana wa Kasiba na Haki ya Mnyama

Katika mambo ambayo watu huyadhani kuwa ni ya ufundi mtupu, wala hayana ndani yake neno la wema na ubaya, ni hili la kuchagua bunduki ya kuwindia. Husemwa kwamba ajuaye bunduki ni fundi wa bunduki, na mwanachuoni hana lake hapo. Neno hili ni dhaifu. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aus, na Imamu Muslim akaithibitisha katika Sahihi yake, alifundisha kuwa wema ni lazima katika kila jambo, hata katika kuua, kisha akashuka mpaka kwenye makali ya kisu cha mchinjaji. Basi na azingatie msomaji: kisu ni chuma, na kukinoa ni kazi ya mkono, lakini ubutu wake umeingizwa katika mambo ya dini kwa kuwa mbele ya kisu hicho yupo mnyama anayeumia. Na bunduki kwa msasi ni mfano wa kisu kwa mchinjaji. Ikiwa kisu kina hukumu, kasiba nayo ina hukumu.

Mfano ulio wazi ni wa ayala. Huyu ni mnyama anayefanana na kulungu kwa umbo, illa pembe za dume lake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine, hali pembe za kulungu wa Afrika haziangui kamwe. Katika Afrika hapatikani porini kwa asili yake ila kaskazini, upande wa Aljeria na Tunisia. Nchi zake hasa ni Ulaya, Asia na Amerika. Huko Marekani mamilioni ya watu hutoka kila mwaka, majani yanapopukutika, kumwinda ayala mwenye mkia mweupe. Na Uingereza na Skotlandi huwindwa ayala mwekundu na wengine walio wadogo. Waislamu nao wamo katika nchi hizo, na miongoni mwao wako wanaowinda. Na wasasi wakikutana, mjadala wao usiokwisha ni huu: kasiba ya upana gani ndiyo inayomfaa ayala?

Upana huo hupimwa kwa sehemu za inchi, na bunduki huitwa kwa hesabu hiyo. Iko .30-30, iliyotoka mwaka 1895, iko.30-06, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, iko.270 ya mwaka 1925, na .308 ya mwaka 1952, na .243 ya mwaka 1955. Juu ya hizo ziko zile ziitwazo Magnum, kama .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, ambazo ganda lake hujazwa baruti nyingi zaidi. Na jambo la kwanza apasalo mtu kulijua, ambalo wengi wa wanaobishana hawalijui, ni kwamba upana si nguvu. Kasiba ya .30-30 na ya .30-06 ni za upana mmoja, lakini ya pili hurusha risasi kwa nguvu iliyoizidi ya kwanza karibu nusu yake. Na .243 iliyo nyembamba, risasi yake hutoka mdomoni na nguvu iliyo karibu sawa na ya .30-30 iliyo nene, yaani kiasi cha futi-ratili 1,900. Na futi-ratili moja ni nguvu ya kuinua uzito wa ratili moja kwa kimo cha futi moja. Anayehukumu kwa upana peke yake ni kama anayehukumu kisu kwa urefu wa mpini.

Wako wasemao: chukua iliyo kubwa kuliko zote, kwani hiyo ndiyo huruma, mnyama akipigwa nayo hataumia, atakufa papo hapo. Maneno haya yana sura ya wema, na kwa hiyo yamewadanganya watu wengi. Ayala hafi kwa kishindo. Hufa kwa kutokwa na damu hata ikakoma kufika kichwani, na mahali pa kumpiga ni nyuma ya bega, palipo moyo na mapafu, kiasi cha sahani ya kulia chakula, inchi 8 hivi. Risasi ikipita hapo vyema, iwe ya .243 au ya .30-06, mnyama huanguka, au hukimbia yadi 50 au 100 kisha akaanguka. Na risasi ikipita tumboni, hata iwe imetoka katika Magnum, mnyama huenda zake, akajilaza kichakani, akafa baada ya saa nyingi. Tofauti ya upana baina ya .243 na .308 haifiki hata sehemu ya kumi ya inchi; na mkono ulioshtuka hukosa kwa futi nzima. Ni kitu gani basi kinachotarajiwa kuponywa na hiyo sehemu ya kumi?

Tena bunduki kubwa ndiyo hasa inayoushtua mkono. Kila inavyosukuma risasi kwa nguvu mbele ndivyo inavyorudi nyuma na kulipiga bega. Baada ya mara tano au sita mwili hujifunza kuiogopa bila ya mwenyewe kujua: hufumba macho na kujikaza kabla ya kufyatua, na risasi huenda pengine. Mtu huyo akiambiwa kwamba anaogopa bunduki yake hukasirika. Isitoshe, risasi za bunduki kubwa ni ghali, basi hazipigi kwa mazoezi. Hupiga tatu kabla ya msimu, akaridhika. Huyu amenunua silaha kwa nia ya kumpunguzia mnyama maumivu, naye amemwongezea. Na kwa wengine hata nia hiyo haipo, bali ni fahari ya kutaja jina la bunduki mbele ya wenzao.

Kipimo cha kweli ni rahisi, na kinahitaji uaminifu wa nafsi tu. Na aweke sahani yadi 100, apige kumi, si kwa kuilaza bunduki juu ya meza bali kwa namna atakavyopiga porini, amepiga goti au ameegemea mti, pumzi imempanda. Zisipoingia zote, basi ama bunduki ile si yake, ama masafa yale si yake.

Kinyume cha hao wako wajifaharishao kwa udogo, na hoja yao kubwa ni Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880 na kufa 1954, aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya nchi ya Karamoja iliyo Uganda, ambayo Waswahili wa misafara ya pembe waliijua kabla yake. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya kasiba ya milimita 7 tu, wakati ambapo wenziwe walibeba bunduki nzito kama mizinga. Kisha alirejea kwao Skotlandi, akawa anawapiga ayala wekundu kwa .220 Swift, bunduki iliyotoka mwaka 1935, ambayo risasi yake ni ya greni 48, nayo huenda futi zaidi ya 4,000 kwa sekunde moja. (Greni ni uzani mdogo sana, greni 7,000 ndizo ratili moja.) Basi husemwa: ikiwa Bell alifanya hivyo, kasiba ndogo yatosha.

Hoja hii husahau nusu ya habari. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande mtu anaposimama, na alipiga kwa mazoezi ya kila siku, na alingoja. Udogo wa risasi yake ulisimama juu ya ujuzi huo. Mtu anayechukua bunduki ya Bell bila ya kuchukua elimu ya Bell amechukua ganda akaacha kokwa. Na kwa hakika jambo alilolifanya Bell kwa ayala wekundu leo limekatazwa na sheria ya nchi yake mwenyewe.

Sheria za huko zinafaa kutazamwa, kwani waliozitunga waliiangalia haki ya mnyama. Katika Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 1991 yakataza kumpiga ayala kwa kasiba iliyo chini ya inchi 0.240, au kwa nguvu iliyo chini ya futi-ratili 1,700, tena risasi iwe ya kutanuka inapoingia mwilini. Mwaka 2007 ilitolewa ruhusa kwa ayala wawili walio wadogo sana, muntjac na ayala wa maji wa Kichina, kupigwa kwa kasiba ya .22 yenye nguvu isiyopungua 1,000. Skotlandi wao hawakutaja upana kabisa. Wamepima uzito wa risasi, na mwendo wake, na nguvu yake. Na hilo la Skotlandi ndilo lililo karibu na haki, kwa sababu iliyokwisha kutajwa. Lakini sheria hizi zote huweka sakafu tu. Humwambia mtu bunduki gani asiishike, hazimwambii masafa gani asiyapige.

Na hapa ndipo palipo na ubaya mpya. Mwaka 2007 ilitoka 6.5 Creedmoor, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha, na ni bunduki njema, haipigi bega sana, na risasi yake haipotezi mwendo upesi. Lakini watu wameichukua wakawa wanawapiga ayala kwa yadi 600 na 800, ili waone kama wataweza. Risasi kwenda yadi 600 huchukua karibu sekunde nzima. Katika sekunde hiyo ayala huinua mguu, akapiga hatua moja, na risasi iliyolengwa moyoni huingia tumboni. Mpigaji hakukosea mkono wala bunduki haina dosari. Lililokosekana ni haki ya kupiga. Imethibiti katika hadithi kwamba Mtume alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na Ibn Umar aliwakemea vijana aliowakuta wamemfunga ndege wakimpiga kwa mishale. Ayala wa yadi 800 hakufungwa kamba, lakini aliyempiga ili aijaribu kasiba yake hayuko mbali na vijana wale.

Imebaki mas'ala ya nyama yenyewe, nayo ni mazito kwa Mwislamu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i silaha sharti ijeruhi kwa makali au kwa kupenya, wala si kwa uzito wake, kama ilivyo katika hadithi ya Adi bin Hatim. Risasi ya baruti ilipozuka wanavyuoni walikhitilafiana. Wengi wa Kishafi'i wa zama za nyuma waliikataa nyama yake mpaka mnyama afikiwe hai akachinjwa. Na wengine, kama Shaukani wa Yemen katika karne ya 19, waliihalalisha kwa kuwa risasi hutoboa na kupenya. Kutokana na kauli ya kwanza mtu aweza kusema: basi nichague bunduki dhaifu, ili mnyama aanguke hai, nimchinje. Hoja hii si ya mzaha, na mwenye kuisema huenda akawa mcha Mungu. Lakini ayala si kanga. Aliyejeruhiwa kwa bunduki dhaifu hamngojei mchinjaji. Huingia msituni maili nzima, na akipatikana kesho amekufa, nyama yake imeingia shaka nyingine, kwani aliyepotea machoni kisha akaonekana mfu ana khitilafu yake katika madhehebu, na akiwa amefia majini ndiyo shida zaidi. Huyo amekosa nyama na amemtesa mnyama. Lililo bora kwa afuataye kauli kali ni kupiga kwa karibu, kwa bunduki itoshayo, na kisu kikiwa kiunoni tayari, akimbilie. Akimkuta na uhai uliothibiti amchinje, na asipomkuta nao aiache nyama wala asiitafutie hila. Na afuataye kauli ya ruhusa, kwake ni bunduki yenye nguvu kuliko zote anazoweza kuzipiga bila ya kushtuka.

Jambo la mwisho ni madini ya risasi. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota, zilipigwa picha za eksirei nyama za ayala zilizotolewa sadaka kwa maskini, zikaonekana ndani yake chembe za risi nyeusi, na nyama zile zikaamriwa kutupwa. Risasi iendayo kwa kasi kubwa ikigonga mfupa huvunjika vipande vidogo vidogo visivyoonekana kwa jicho, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wenye mimba. California ilikataza kabisa kuwinda kwa risasi za madini hayo tangu tarehe 1 Julai 2019. Wengi sasa hutumia risasi za shaba, ambayo ni nyepesi kuliko madini yale kwa ukubwa ule ule; na kwa sababu hiyo Skotlandi mwaka 2023 walishusha uzito mdogo kabisa wa risasi ya ayala wakubwa kutoka greni 100 hadi 80, wakaacha mwendo na nguvu kama zilivyokuwa. Basi mwenye .243 aliyekuwa akiambiwa kwamba bunduki yake ni ya watoto, leo aweza kutia risasi ya shaba ya greni 80, akaupata wepesi wa bega, na akampelekea jirani yake paja la ayala lisilo na sumu.