Haji wa Yerusalemu

Kijana mmoja wa Mombasa, mwanafunzi jijini Vienna, alipanga chumba kwa mama mmoja mzee. Kwenye kengele ya mlango pameandikwa Hadžić. Akalisoma, akafurahi. Kile kipande cha mwisho, -ić, alishakijua: kwa Waslavi wa Balkani ni kama kusema mwana wa fulani. Na Hadži hakikuhitaji kamusi. Ni haji, kama tunavyomwita mjomba aliyerudi kutoka Makka. Mwana wa Haji, basi. Mwislamu wa Bosnia, ndugu yetu.

Ikafika Ramadhani. Magharibi ya siku ya kwanza alibisha hodi na sahani ya tende na kaimati, akatoa salamu ya Kiislamu. Mama akanyamaza. Nyuma yake, ukutani, kandili ndogo ilikuwa ikiwaka chini ya picha ya Mtakatifu Nikola. Alikuwa Mserbia wa Bosnia, Mkristo wa Orthodoksi.

Neno kijana alilisoma sawasawa. Ni lile lile la haji, lililofika Balkani pamoja na Waturuki. Lakini Wakristo waliotawaliwa nao walilichukua. Aliyekwenda kuzuru Yerusalemu na kujitosa katika maji ya mto Yordani alirudi kijijini akiitwa hadži, na watoto wakalirithi jina. Hata shujaa wa Wabulgaria aliyeuawa mwaka 1868 akipigana na Waturuki hao hao anajulikana mpaka leo kama Hadzhi Dimitar, kwa kuwa wazazi wake walimpeleka Yerusalemu akingali mdogo. Na hiyo -ić wanayo Waserbia, Wakroatia na Waislamu wa Bosnia, watu wanaoelewana bila mkalimani.

Mama alizipokea tende. Akamkaribisha kijana ndani, akamkalisha, akamwambia taratibu: "Mwanangu, wewe umekosea ukiwa na sahani mkononi. Kwetu wako waliokosea wakiwa na bunduki." Alikuwa akizungumzia vita vya Bosnia vya 1992 hadi 1995, ambapo kwenye vizuizi vya barabarani jina la mtu liliweza kumponza.

Nawe ukilichunguza jina la namna hii, usiishie kwenye herufi zake. Tazama jina la kwanza la mtu na la baba yake, maana Jovan kwa kawaida ni wa Orthodoksi na Mustafa ni Mwislamu. Tafuta kijiji walikotoka, fungua vitabu vya ubatizo kama vipo. Na ikiwa mwenyewe yu hai, muulize yeye kwanza.