Fedha ya Mtoto ni ya Nani?

Wasomaji wetu, neno tutakalo kulipima leo ni dogo machoni, lakini limeleta uchungu katika nyumba nyingi. Kijana wa miaka 15 akipata fedha kwa kazi ya mikono yake, fedha hiyo ni ya nani? Ni yake, au ni ya baba amlishaye?

Tulimjua mwanafunzi mmoja aliyepewa mtetea na bibi yake. Akamjengea kizimba cha miti, akamlinda na mwewe na kicheche. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Kijana akazihesabu kwa mkaa ukutani. Mwaka ulipokwisha alikuwa na majogoo ya kuuza, akaweka fedha katika kopo apate kununua sare na daftari. Siku moja akalikuta kopo tupu. Baba yake alikuwa amelipa deni dukani, wala hakusema neno. Kijana hakugombana naye. Lakini hakufuga kuku tena, na kizimba kikawa kuni.

Baba alipoulizwa alijibu: "Yeye mwenyewe ni wangu, je, kuku wake si wangu?" Tusimcheke upesi. Mtoto hula chakula asichokilima peke yake; akiugua, babaye ndiye aendaye kukopa. Tena kuku wale walidonoa pumba za nani? Kijana asemaye, "Changu ni changu," hali mama yake amekosa chumvi, amejifunza kuchuma tu, hajajifunza utu.

Hata hivyo twaona kwamba baba alikosa. Hakukosa kwa kuwa na shida, bali kwa kutwaa bila kuomba. Angalimwambia, "Mwanangu, nimebanwa, nisaidie," twadhani kijana angalitoa yote kwa moyo, naye angalijiona kuwa nguzo ya nyumba. Amri iwaagizayo watoto kuwaheshimu wazazi haikuifuta ile ikatazayo kuiba. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, ya mwaka 2009, yamruhusu mtoto aliyetimiza miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuilia masomo, tena yataka alipwe ujira ulio sawa na kazi yake. Ikiwa mtu baki amepaswa kumpa haki yake, je, baba aliyemzaa amnyime?

Basi twawasihi wazazi: kijana akitaka kulima bustani ya mchicha, kufuga kuku au kusuka mikeka siku asizokwenda shule, mpeni nafasi. Pataneni mapema, kabla fedha haijaonekana, sehemu ipi ni ya nyumba, ipi ni ya sadaka, ipi ni yake mwenyewe. Kisha shikeni neno lenu. Ikiwa shida imewapata, mwambieni wazi, na mkikopa kwake, mlipeni kama mnavyomlipa mwenye duka. Nanyi vijana, msingoje kuombwa mwonapo jiko limelala bila moto.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akinyang'anywa leo, atajifunza kuficha. Akiombwa kwa heshima, atajifunza kutoa. Nasi tukumbuke kwamba uzee waja, na siku hiyo sisi ndio tutakaosimama mlangoni pake kuomba.