Wimbo na Mwenyewe

Wimbo ni mali ya ajabu. Mbuzi wa mtu akiibwa, zizi hubaki tupu, na kila apitaye huona kuwa pana kitu kilichoondoka. Lakini wimbo wa mtu ukiimbwa na watu elfu, mwenyewe hapungukiwi hata na neno moja. Bado anao kinywani kama alivyokuwa nao jana. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa wimbo hauwezi kuibwa, na kwamba kila aupendaye ana ruhusa ya kuuchukua na kuutia maana aitakayo. Dhana hii yafaa kuchunguzwa, hasa na vijana, kwani hakuna watu waimbao nyimbo za wengine kwa wingi kuliko wao.

Nitaichunguza kwa nyimbo za kufoka, zile ziitwazo rapu. Najua kuwa baadhi ya walimu wenzangu wataona nimechagua mfano usiostahili kitabu cha shule. Nawasihi wanivumilie, kwa maana swali letu lina uzito zaidi katika rapu kuliko katika nyimbo nyingine. Katika wimbo wa kanisani, au wimbo wa mapenzi, neno "mimi" ni kama kiti cha barazani: kila mgeni aweza kukikalia. Katika rapu, "mimi" ni mtu mmoja mwenye jina, mwenye mtaa, mwenye kodi ya nyumba inayomngoja mwisho wa mwezi. Mfokaji hujitaja, huwataja jirani zake, huwataja na waliomdharau. Vijana wa Dandora waliojiita Kalamashaka walipotoa wimbo wao "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990, hawakuficha kuwa wasemao ni watu wa mtaa ule hasa, mtaa ambao wengi katika Nairobi waliujua kwa jaa lake la taka tu. Jina lenyewe la wimbo lilikuwa agizo kwa msikilizaji: usiupokee hivi hivi, ufasiri. Basi mtu akinyang'anywa "mimi" ya namna hiyo, je, ameondokewa na maneno tu?

Tutazame mfano mmoja wa Marekani. Sanaa ya kufoka ilizaliwa katika Bronx, mjini New York, katika miaka ya 1970, nayo kwa muda mrefu ilikaa katika karamu za mitaani bila ya mtu kufikiri kuwa yaweza kuuzwa katika sahani za santuri. Mwaka 1979, Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya kurekodi nyimbo huko New Jersey, akaanza kutafuta vijana wa kufoka mbele ya kipaza sauti chake. Mmoja katika watatu aliowapata alikuwa Henry Jackson, aliyejulikana kwa jina la Big Bank Hank, mfanyakazi wa duka la piza. Hank hakuwa mtunzi. Alikuwa msimamizi wa shughuli za mtunzi wa kweli, Curtis Brown wa Bronx, ambaye jina lake la sanaa ni Grandmaster Caz. Caz ameeleza mara nyingi jinsi Hank alivyomwendea kumwomba maneno, naye akampa daftari lake achague. Hank akachagua, akaenda, akafoka. Wimbo ukaitwa "Rapper's Delight", ukaenea duniani, na huko Marekani ukapanda mpaka nafasi ya 36 katika orodha kuu ya nyimbo zilizopendwa.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba Hank hakubadilisha hata mahali ambapo Caz alikuwa amelitaja jina lake la sanaa la zamani, herufi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo katika sahani ile mtu mmoja anajitambulisha mbele ya ulimwengu kwa jina la mtu mwingine, na wasikilizaji kwa mamilioni wanacheza bila ya kujua. Caz hakuandikwa kuwa mtunzi, wala hakulipwa. Lakini tazama na upande wa pili. Muziki uliopigwa chini ya maneno yale ulitokana na wimbo "Good Times" wa kundi la Chic, uliotoka mwaka huo huo. Nile Rodgers na Bernard Edwards, walioutunga, walipousikia walitishia kwenda mahakamani, na majina yao yakatiwa miongoni mwa watunzi. Wenye tuni walikuwa na mawakili. Mwenye maneno alikuwa na daftari.

Kilichochukuliwa ni nini, maadamu daftari lilirudi kwa mwenyewe na maneno yote yalikuwamo? Wengine watajibu: fedha. Ni kweli, lakini fedha ni sehemu ndogo. Caz alinyang'anywa ushahidi. Mtu anaposimama kusema "mimi ni fulani, natoka mahali fulani, na haya nayaweza", anatoa ushahidi juu ya maisha yake, na ushahidi hauhamishwi kama gunia la mahindi. Katika kinywa cha mwingine ushahidi ule ule huwa uongo, ijapokuwa halijabadilika hata neno. Hili ndilo linalonifanya nikatae ile hoja kwamba wimbo hauwezi kuibwa kwa kuwa haupungui.

Si kila utata wa namna hii ni wizi. Mwaka 1982 kampuni ile ile ilitoa wimbo "The Message", unaoeleza dhiki ya maskini katika mji mkubwa. Jina lililoandikwa juu yake ni la Grandmaster Flash na kundi lake, the Furious Five. Hata hivyo Flash mwenyewe hasikiki mle ndani. Msingi wa wimbo uliwekwa mwaka 1980 na Edward Fletcher, mpiga ngoma na mtunzi wa Elizabeth, New Jersey, aliyejulikana kama Duke Bootee. Kundi halikuutaka, waliona kuwa watu wanaokwenda karamuni hawataki kukumbushwa taabu walizoziacha nyumbani. Sylvia Robinson alishikilia, na mwishowe ni mmoja tu wa kundi, Melle Mel, aliyetia sauti na beti zake pamoja na Fletcher. Filamu ya wimbo ilipopigwa, mwenzao mwingine alifumbua midomo mahali ambapo sauti iliyosikika ilikuwa ya Fletcher. Fletcher aliandikwa miongoni mwa watunzi, kwa hiyo haki yake ya karatasi haikupotea. Uso wake ndio uliokosekana. Baadaye aliingia kazi ya ualimu, akafundisha hata katika chuo kikuu cha Savannah State, huko Georgia, na alifariki mwaka 2021. Mwaka 2002 wimbo huo ulitiwa katika hazina ya sauti zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mimi mwenyewe niliusikia miaka mingi kabla ya kujua habari hizi, na sikuona upungufu wowote. Lakini tangu nijue kuwa watu walioalikwa kuuimba waliukimbia kwa sababu ulisema kweli mno, nausikia kwa heshima nyingine.

Hapa msomaji mwerevu atanipinga. Atasema: ikiwa uliupenda wimbo kabla ya kujua asili yake, basi asili si lazima; maana ya wimbo ni ile aipatayo msikilizaji, na mtunzi akisha kuutoa hana mamlaka tena. Hoja hii ina nguvu, nami siikatai yote. Mtunzi hawezi kumfuata kila aimbaye na kumshika ulimi. Lakini sisi watu wa Kiswahili tuna mfano wa kutuonya. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi mengi juu ya mambo ya siku zake, hasa mashindano ya Wamazrui wa Mombasa na Sayyid Said. Wasikilizaji wake walijua kila fumbo lilimlenga nani. Miongo ilipita, waliojua wakafa mmoja mmoja, na beti zikabaki katika vichwa vya watu kama funguo ambazo milango yake imesahauliwa. Kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyezikusanya pamoja na maelezo yake na kumpa mmisionari William Taylor, na kama zisingechapishwa mwaka 1940 kwa kazi ya William Hichens, leo tungesoma habari ya chombo na mawimbi tukadhani kuwa pana chombo na mawimbi tu. Tungefurahi, naam. Tungefurahi kama mtoto anayecheza na barua asiyoweza kuisoma.

Basi mwimbaji wa wimbo wa mwenzake ni mkopaji. Kukopa si dhambi. Jamii isiyokopeshana nyimbo ingekuwa jamii ya mabubu. Lakini mkopaji hutazamiwa kujua amekopa kwa nani, na kitu chenyewe kilikuwa cha kazi gani. Wakenya tulilipata jaribio kubwa la jambo hili mwaka 2002.

Mwaka huo vijana wawili, Joseph Ogidi na Julius Owino, waliojiita Gidi Gidi Maji Maji, walitoa wimbo "Unbwogable", uliotengenezwa na Tedd Josiah. Neno hilo ni la kubuniwa. Katikati yake mna neno la Kiluo, "bwogo", yaani kutisha au kushtua, nalo limevikwa kichwa na mkia vya Kiingereza; maana yake ni mtu asiyetishika. Hawakuutunga kwa ajili ya uchaguzi. Walikuwa wakijipa moyo katika taabu za vijana wanaotaka kula kwa kazi ya muziki, na kwa desturi ya majigambo ya Kiluo wakawataja mashuhuri wa watu wao. Lakini uchaguzi ulikuwa karibu. Chama cha KANU kilikuwa kimetawala tangu mwaka 1963, na vyama vya upinzani vilikuwa vimeungana katika NARC. Neno lile likapanda majukwaani. Likaimbwa na Wakikuyu, Waluhya, Wakamba na watu wa Pwani, wengi wao wasiojua neno jingine lolote la Kiluo. Tarehe 27 Desemba 2002 KANU ikashindwa, na siku tatu baadaye Mwai Kibaki akaapishwa katika Uhuru Park mbele ya umati mkubwa mno.

Je, umati ule uliiba? Siamini. Waimbaji walijulikana kwa majina, na woga waliokuwa wakiufukuza katika vyumba vyao vya kupanga ulikuwa ndugu wa woga uliokuwa ukifukuzwa na nchi nzima. Maana ya pili iliota katika shina la maana ya kwanza. Huo ndio mkopo mzuri, na sidhani kuwa historia ya Kenya ina mfano mzuri kuliko huo wa neno la kabila moja kuwa pumzi ya makabila yote.

Swali langu ni juu ya yaliyofuata. Mwaka 2005 viongozi waliokuwa wameusimamia wimbo ule pamoja waligawanyika katika kura ya maoni juu ya katiba. Mwisho wa mwaka 2007 ukaja uchaguzi mwingine, na katika machafuko yaliyofuata waliuawa watu zaidi ya 1,100. Katika vijiji na mitaa, watu walisimamishwa njiani wakaulizwa majina yao na lugha zao, na jibu likaamua kama mtu atapita au hapiti. Sisemi kwamba wimbo ungeweza kuzuia panga. Nasema kwamba miongoni mwa waliosimamisha wenzao hapana shaka walikuwamo waliokuwa wamelishangilia neno la Kiluo miaka mitano kabla, au wale Waluo waliokuwa wameona fahari kulisikia katika vinywa vya jirani zao. Walikuwa wamelibeba neno wasimbebe mwenye neno. Walitumia ujasiri wa mtu bila ya kujiuliza ni mtu gani, anakaa wapi, na anaogopa nini hata akalazimika kuimba kuwa haogopi. Wewe mwanafunzi uliyezaliwa baada ya siku hizo, ukiusikia wimbo ule arusini au uwanjani, unao wasaa wa kuuliza waliyoyaacha kuulizwa.

Imebaki sehemu moja ya swali, nayo yamhusu mtunzi. Tumesema wengine wanawiwa naye. Je, yeye hawiwi na mtu? Mwaka 2001, huko Tanzania, Joseph Haule, ajulikanaye kama Professor Jay, alitoa wimbo "Ndiyo Mzee". Ndani yake mgombea anamwaga ahadi zisizowezekana, na umati unamwitikia kwa utii katika kila ahadi. Wimbo ulipendwa sana, na jina lake likawa msemo wa kuwacheka wanasiasa, na kuwacheka pia wananchi wanaoitikia bila ya kufikiri. Mwaka 2015 Haule mwenyewe aligombea ubunge wa Mikumi kwa chama cha CHADEMA, akashinda, akakaa bungeni hadi mwaka 2020. Kila alipopanda jukwaani kuomba kura, waliokuwa chini yake walikuwa wameukariri wimbo wake. Hakuweza kuwaambia kuwa ulikuwa mchezo tu, wala kwamba mgombea yule alikuwa mtu mwingine. Ni watunzi wachache waliowapa wasikilizaji wao mizani ya kuwapimia wao wenyewe, tena miaka 14 kabla ya kupandishwa juu yake.